Monita ya kushindana CS2 na Valorant: 144, 180 au 240 Hz? Nipo Mwanza, bajeti laki saba

bismarck_144

Wakuu habari za jioni. Nataka kununua monita ya gemu na kila duka lina maneno yake, naomba wenye kuelewa mnisaidie kabla hela haijatoka.

Mashine ni i5-10400F, bodi ya H410, kadi GTX 1660 Super, RAM 16 GB kipande kimoja. Monita ya sasa ni ile ya ofisini, inchi 22, 60 Hz, imeungwa kwa VGA kupitia adapta. Nacheza CS2 (Counter-Strike 2) na Valorant, gemu za timu za kupigana risasi, tena kwa kushindana, kwa hiyo uzuri wa rangi haunisumbui. Mdogo wangu naye atakuwa anachomeka PS5 hapohapo kupiga FC, ile gemu ya mpira.

Madukani hapa mjini wananisukumia zilizopinda za inchi 27, wanasema ndizo za gemu. Kuna jamaa wa Dar ana ya mtumba ya 240 Hz, paneli (aina ya kioo) ya TN, inchi 24.5, yuko tayari kuituma kwa basi. Nichukue ipi, na nikague nini? Chumba kina dirisha linaloangalia ziwani, upande wa magharibi, jioni jua linaingia lote. Na umeme wa huku Kirumba mnaujua wenyewe.

fundi_fremu

Mkuu, kabla ya kuuliza Hz ngapi (picha ambazo monita inaonyesha kwa sekunde), uliza mashine yako inatoa fremu ngapi (picha ambazo kompyuta inatengeneza kwa sekunde) wakati moshi umetupwa, moto unawaka na watu watano wanaingia kwenye sehemu ya bomu kwa pamoja. Namba ya kwenye menyu au ukiwa umesimama peke yako haina maana. Monita ya 240 Hz ikipewa fremu 110 itakuonyesha fremu 110.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Gawa 1000 kwa Hz, unapata milisekunde ambazo picha moja inakaa kwenye kioo. 60 Hz ni 16.7, 144 ni 6.9, 180 ni 5.6, 240 ni 4.2, 360 ni 2.8. Ukitoka 60 kwenda 144 umepunguza karibu milisekunde 10 kwa kila picha. Ukitoka 144 kwenda 240 umepunguza chini ya 3. Kutoka 240 kwenda 360 ni 1.4 tu. Kwa hiyo faida kubwa kabisa iko kwenye ile hatua ya kwanza, na wewe bado hujaipiga. Baada ya hapo kila hatua inagharimu zaidi na inakupa kidogo zaidi. Haimaanishi haipo, kwa mtu anayepiga AWP (bunduki ya mdunguzi) kwenye pembe, milisekunde 3 ni kitu. Ila ianze na mashine.

Faida ya pili watu huisahau, nayo ni ukungu wa mwendo. Monita za kawaida hushikilia picha moja mpaka ijayo ifike, wakati jicho lako linaendelea kumfuata adui. Kitu kikivuka kioo kwa kasi ya pikseli 1000 kwa sekunde, kwenye 60 Hz kinaburuta ukungu wa pikseli 16 au 17. Kwenye 144 ni kama 7, kwenye 240 ni 4. Hiyo ni kama pikseli zenyewe zinabadilika rangi papo hapo, jambo ambalo halitokei, na ndipo suala la paneli linapoingia.

Ile "1 ms" kwenye boksi usiinunue. Mara nyingi ni badiliko moja la kijivu kwenda kijivu lililochaguliwa kwa sababu ndilo la haraka kuliko yote, tena ovadraivu (mpangilio wa kuharakisha pikseli) ikiwa juu kabisa, hali ambayo hakuna mtu anayecheza nayo kwa sababu kila kitu kinaacha mkia mweupe nyuma yake. Wakati mwingine imeandikwa "1 ms MPRT", na hicho ni kipimo kingine kabisa: kinapatikana kwa kuzima na kuwasha taa ya nyuma kati ya picha na picha. Ukungu unapungua kweli, lakini mwanga nao unashuka, wengine huumwa macho, na kwenye monita nyingi hali hiyo haiwaki pamoja na FreeSync, ile ya monita kufuata kasi ya fremu za kompyuta.

Sasa mashine yako. Fanya hivi kwanza, haina gharama. Kwenye CS2 fungua konsoli (dirisha la kuandikia amri), andika fps_max 0 kisha cl_showfps 1, cheza mechi kamili za watu kumi na uangalie namba inashuka mpaka wapi, usiangalie inapanda mpaka wapi. Kisha punguza rezolusheni hadi 1280x720 ucheze tena. Fremu zikipanda sana, kadi ndiyo iliyokuwa inakuchelewesha. Zisipopanda, tatizo liko kwa prosesa na RAM, na hapo nina wasiwasi na hicho kipande kimoja cha 16 GB. Prosesa inasoma RAM kwa njia mbili, wewe unatumia moja. Vipande viwili vya 8 GB, au kuongeza cha pili cha 16 chenye kasi ileile, huinua hasa zile fremu za chini, na hizo ndizo zinazokuua kwenye mapambano. Bodi ya H410 ikiwa na i5 inaishia DDR4-2666, kwa hiyo usilipie RAM ya 3600 bure.

Jibu langu kwa bajeti yako: inchi 24 (23.8), 1080p (pikseli 1920x1080), paneli ya IPS, 165 au 180 Hz, yenye poti ya DisplayPort na FreeSync. Bakiza hela ya RAM ya pili na kebo.

Saizi. Inchi 24 kwenye 1080p ni pikseli 92 hivi kwa inchi. Ukinyoosha 1080p hadi inchi 27 zinashuka mpaka 82, vichwa vya mbali vinakuwa vibonge vya miraba, na ukikaa karibu unazungusha shingo kutafuta ramani ndogo kwenye kona. 27 inafaa ikiwa 1440p, pikseli 109 kwa inchi, lakini hiyo ni mzigo wa pikseli mara 1.8 kwa kadi. 1660 Super itaibeba Valorant. Kwenye CS2 utajuta.

sangara_aim

Nakubaliana na fundi kwenye RAM na saizi, ila kwenye TN ya 240 simkubalii moja kwa moja. Valorant ni gemu nyepesi. 10400F ikishapata RAM ya njia mbili, kwenye mipangilio ya chini inakaa juu ya 200 muda mwingi. Mtu anayesema kabisa kwamba rangi hazimsumbui ndiye mteja wa TN. Paneli za TN za 240 Hz zilitengenezwa kwa ajili ya kazi hii hii, na mpaka leo kuna mashindano yanayofanyika juu ya BenQ Zowie za TN, kwa sababu pikseli zake zinawahi kubadilika ndani ya zile milisekunde 4.

Ubaya wa TN aujue: ukisimama au ukiegemea kiti nyuma, rangi zinageuka, na sehemu ya juu ya kioo inakuwa nyeusi kuliko ya chini. Kwa hiyo lazima stendi iwe ya kupanda na kushuka, jicho liwe usawa wa theluthi ya juu ya kioo. Kama jamaa anauza bila stendi yake, muulize kama nyuma kuna matundu ya VESA ya 100 kwa 100 ili ufunge mkono wa mezani. Bila hivyo hapana.

Na kwa bei ileile, mtumba wa 240 dhidi ya mpya wa 180 ni uamuzi wa dhamana. Mpya ukiharibika unarudi dukani na risiti. Wa mtumba ukifa ni wako.

fundi_fremu

Kiongozi, hapo kwenye dhamana ndipo ninaposimamia mimi. Kwa Valorant peke yake ningekuunga mkono. Huyu anacheza CS2 pia, na CS2 kwenye hiyo prosesa haitagusa 240 kwenye mapambano. Atakuwa amelipia Hz za kuangalia menyu. Ila akipanga kubadilisha prosesa na kadi baadaye, basi monita itamsubiri, haiozi.

kioo_bapa

Kuhusu zilizopinda: kupinda siyo tatizo. Tatizo ni kwamba nyingi za bei hiyo ni paneli ya VA. VA ina weusi mzuri kwa filamu za usiku, lakini badiliko la kutoka nyeusi kwenda kijivu cheusi ni zito, linaweza kupita milisekunde 20 wakati monita ya 165 Hz inataka picha mpya kila baada ya 6. Matokeo yake, adui akipita kwenye kivuli anaacha doa jeusi linalomfuata. Kwenye CS2, sehemu zenye giza kama mahandaki ya ramani ya Dust II, utaona kichwa kinachelewa kuachana na ukuta.

Ukitaka kuhakikisha palepale dukani, mwambie muuzaji awashe, fungua ukurasa mweusi wenye maandishi ya kijivu cheusi, uuburute juu na chini kwa kasi. Maandishi yakipotea na kuacha mkia wa zambarau au mweusi, rudisha kwenye boksi. Zipo VA za bei kubwa zilizorekebishwa hilo. Kwa laki saba usizitegemee.

OLED haiko kwenye bajeti hii, tusiijadili.

bismarck_144

Shukrani sana wakuu. Nimepima kama alivyosema fundi. CS2 kwenye 1080p mipangilio ya chini inacheza kati ya 130 na 170, moshi ukiwaka inashuka mpaka 85. Nikiweka 1280x720 hakuna kinachobadilika, labda fremu tano. Kwa hiyo ni prosesa na RAM, sivyo? Naongeza RAM kwanza.

Kingine: nitumie HDMI au DisplayPort? Na PS5 itanufaika na hizo Hz? Halafu FreeSync niwashe au nizime, maana wengine wanasema inachelewesha.

fundi_fremu

Ndiyo, ni prosesa na RAM. 85 kwenye moshi na kipande kimoja ni kawaida kabisa.

Kebo. VGA itupe kabisa pamoja na adapta yake. 1660 Super ina HDMI 2.0 na DisplayPort 1.4. Zote mbili zinaweza kubeba 1080p kwenye 240 Hz, HDMI 2.0 ikiwa karibu na ukingo wake. Lakini uwezo wa kadi ni nusu ya jambo, poti ya monita ndiyo nusu ya pili. Monita nyingi zinazouzwa kama za 165 au 180 zinafika huko kwa DisplayPort tu, na HDMI yake inaishia 144. Za zamani zenye HDMI 1.4 huishia 120 au 144. Kwa hiyo kompyuta ipewe DisplayPort, PS5 ipewe HDMI, na hapo hamgombanii waya na dogo.

Kuna sababu nyingine ya DisplayPort: FreeSync kwenye kadi za NVIDIA kama yako. Tangu Januari 2019 NVIDIA inaruhusu kadi za GTX 10 na kuendelea kutumia monita za FreeSync, lakini kwa monita za kawaida hilo hupita kwenye DisplayPort. Ukitumia HDMI utatafuta kitufe cha G-SYNC (jina la NVIDIA la kazi hiyohiyo) kwenye programu ya NVIDIA Control Panel usikione.

Kebo ya DisplayPort ya mita 1.5 au 2 inatosha. Usinunue ya mita 5 ya bei ya chini. Ishara ikidhoofika, kioo kinakuwa cheusi kwa sekunde moja katikati ya raundi kisha kinarudi, na watu huanza kulaumu kadi. Na adapta ndogo za kutoka DisplayPort kwenda HDMI uziepuke, nyingi zinaishia 60 Hz au 120. Wenye prosesa zisizo na herufi F (F maana yake haina kadi ya picha ya ndani) waangalie na jambo hili: waya uingie kwenye poti za kadi, zile zilizolala chini, usiingie kwenye poti za bodi zilizosimama juu. Wewe mwenye F ukichomeka kwenye bodi hupati picha kabisa, angalau kosa linajitangaza lenyewe. Mwenye i5-10400 ya kawaida anapata picha na anacheza kwa kadi dhaifu ya ndani bila kujua.

Ukishaunga, Windows mara nyingi inabaki 60 Hz mpaka uiambie. Settings, System, Display, Advanced display, halafu chagua namba kubwa kabisa. Kuna watu wanatembea na monita ya 144 kwenye 60 mwaka mzima. Hakiki pia kwenye menyu ya monita yenyewe, ile ya vitufe vya chini au nyuma. Inaonyesha Hz inazopokea kweli.

FreeSync: washa. Fremu zako zinacheza kati ya 85 na 170, na hapo ndipo FreeSync inapofanya kazi, inailazimisha monita kusubiri fremu badala ya kukata picha katikati. Weka G-SYNC ikiwa imewashwa, V-Sync (inayosubirisha fremu ili picha isikatike) iwashwe kwenye NVIDIA Control Panel na izimwe ndani ya gemu, kisha funga fremu zikae 3 chini ya Hz: 177 kwa monita ya 180, 162 kwa ya 165, 141 kwa ya 144. Sababu ya hizo tatu ni kwamba fremu zikigonga kilele cha Hz, V-Sync inaanza kupanga foleni, na huo ndio ucheleweshaji ambao watu wanaulaumu. NVIDIA Reflex, ya kupunguza ucheleweshaji, ipo kwenye CS2 na Valorant zote, iwashe. Ikiwa pamoja na G-SYNC na V-Sync inajifunga yenyewe chini kidogo zaidi, kwa 144 utaona kama 138, usishtuke.

Siku Valorant ikikaa juu ya Hz zako muda wote, unaweza kuzima yote na kuacha fremu ziende. Picha itakatika kidogo, ucheleweshaji utapungua kidogo. Hapo ni ladha ya mtu.

Ovadraivu iweke ya kati. Majina hutofautiana, lakini kama ni nne chukua ya pili au ya tatu. Ya juu kabisa inaleta mkia mweupe.

PS5: FC inacheza fremu 60, kwa hiyo dogo hapati chochote cha maana kutoka kwenye 180. Gemu zenye hali ya fremu 120 zitafanya kazi kwenye 1080p kupitia HDMI 2.0. VRR ya PS5 inahitaji HDMI 2.1, na kwa bajeti hii usihangaike nayo. 1440p PS5 inaitoa tangu 2022. PS4 haivuki 60 hata uifanyeje.

nyegezi_stendi

Mimi nakuja kwenye usafiri na umeme, maana humo ndimo monita nyingi hufia kabla hata hazijapigwa Hz.

Ukiamua ya Dar, kabla ya kutuma hela mwambie muuzaji akutumie video moja isiyokatwa. Aanze na serial number ya nyuma ya monita, aonyeshe waya wa DisplayPort ukiingia kwenye kadi, kisha ukurasa wa Advanced display ukionyesha 240. Aonyeshe rangi tano zikijaza kioo kizima: nyeusi, nyeupe, nyekundu, kijani, bluu. Kwenye nyeusi unatafuta mwanga unaovuja pembeni na vidoa vinavyong'aa, kwenye nyeupe unatafuta vidoa vyeusi, michirizi na alama ya kidole iliyobonyeza kioo. Afanye hivyo taa ya chumba ikiwa imezimwa.

Cha mwisho ndicho wauzaji wengi hawakijui. Afungue testufo.com sehemu ya frameskipping, apige picha ya simu kwa muda wa moja ya kumi ya sekunde, hali ya "Pro" ya kamera inaruhusu. Kwenye picha miraba iliyowaka inatakiwa ifuatane bila pengo. Ikiwa kuna mraba mmoja umewaka, mmoja giza, mmoja umewaka, monita inaruka picha: inasema 240 lakini haionyeshi zote. Hii hutokea kwa monita iliyolazimishwa Hz kuliko uwezo wake.

Ufungaji: boksi lake la asili na maboya yake meupe (styrofoam) ndani. Kama boksi halipo, kioo kifunikwe na ubao au kadibodi ngumu iliyo kubwa kuliko kioo, halafu blanketi. Kwenye buti la basi isimame wima. Ikilazwa kifudifudi chini ya gunia la mtu, kutoka Dar mpaka huku, kioo kinapasuka kwa ndani bila kuonyesha nje. Andika kwa kalamu kubwa KIOO pande zote na mshale wa juu. Siku ya kupokea Nyegezi usisaini kabla ya kuangalia, fika na kompyuta mpakato na waya wa HDMI, omba tundu la umeme ofisini kwao uiwashe hapohapo. Ikiwa na mstari wa wima au doa la wino linalotambaa, piga picha na mzigo ukiwa bado juu ya meza yao.

Angalia adapta yake ya umeme imeandikwa INPUT 100-240V. Zilizotoka nje nyingi zimeandikwa hivyo, lakini adapta inaweza kuwa imepotea na kuwekwa nyingine. Volti ya upande wa kutoka lazima ilingane kabisa na iliyoandikwa nyuma ya monita, ampea ziwe sawa au zaidi. Volti 19 kwenye monita ya 12 ni moshi. Na ukipata kuchagua, chukua yenye adapta ya nje kuliko yenye umeme ndani, kwa sababu umeme ukirudi kwa kishindo inaungua adapta, unanunua nyingine mjini, monita inabaki.

Umeme mdogo hauitishi monita, adapta inavumilia. Kinachoua ni ule wa kurudi. TV guard ya kawaida inasaidia kwa sababu inasubiri umeme utulie kabla ya kuruhusu. Kompyuta yako ikiwa kwenye gemu inakula kama wati 220 hadi 250 na monita kama 25, kwa hiyo UPS ya 650 VA (volti-ampea, siyo paneli ya VA) itakupa dakika chache tu za kuaga wenzako. 1200 VA ndiyo yenye maana, na uchomeke monita humo pia, watu huiacha nje kisha UPS inapiga kelele gizani hawaoni wa kuzima nini.

Radi ni habari nyingine. Ukanda wetu wa ziwa ni kati ya sehemu zenye radi nyingi duniani. Mawingu yakianza kunguruma chomoa plagi, chomoa na waya wa intaneti, kwa sababu wakati mwingine radi haipiti kwenye TANESCO, inapita kwenye ule waya wa antena ya paani, inaingia kwenye kompyuta na kutokea kwenye HDMI. TV guard haizuii hiyo.

kioo_bapa

Na dirisha: geuza meza ili mwanga wa jioni uingie kutoka ubavuni. Ukiwa nyuma yako unaakisiwa kwenye kioo, ukiwa mbele yako unapambana nao macho kwa macho. Kioo kiwe cha kutong'aa, mwanga niti 300 na kuendelea. Pazia zito ni rahisi kuliko niti 400.

Wale wadudu wadogo wa ziwani wanaopanda kama moshi nao wanafuata mwanga wa kioo usiku. Wanaingia kwenye matundu ya nyuma na wengine wanajipenyeza kati ya tabaka za kioo. Ukimuona mmoja anatembea ndani ya picha, usimbonyeze! Ukimuua hapo anabaki kama pikseli mfu mpaka monita ife. Zima monita, weka taa ndogo ukingoni mwa kioo, aondoke mwenyewe. Wavu wa dirisha ni bei ya chini kuliko paneli.

bismarck_144

Wakuu mmenimaliza. Nimeamua: IPS ya 180 mpya, inchi 24, pamoja na RAM ya pili. Swali la mwisho, CS2 huwa nacheza 1280x960 ya kunyoosha, yaani picha inatanuliwa kujaza kioo kizima. Nimesoma mahali kwamba ukiweka rezolusheni hiyo Hz zinashuka. Ni kweli?

sangara_aim

Ni kweli, na inawapata wengi. Monita inatangaza orodha ya rezolusheni inazozikubali na Hz za kila moja, na kwa 1280x960 nyingi hutangaza 60 au 75 tu. Gemu ikibadilisha rezolusheni, monita inashuka nayo kimyakimya, wewe unaona fremu 170 kwenye kona huku kioo kinaonyesha 60.

Dawa ni kuiambia kadi ifanye kazi ya kunyoosha. Fungua NVIDIA Control Panel, "Adjust desktop size and position", chagua Full-screen, kwenye "Perform scaling on" weka GPU badala ya Display, na weka alama kwenye kile kisanduku cha kuzima mipangilio ya gemu. Hapo monita inaendelea kupokea 1920x1080 kwenye 180, kadi ndiyo inayonyoosha. Kama 1280x960 bado haionyeshi 180 kwenye orodha, nenda "Change resolution", "Customize", tengeneza ya kwako: 1280 kwa 960, 180 Hz, bonyeza "Test". Kioo kikiwa cheusi kwa sekunde kadhaa kisha kikarudi bila kuuliza, monita imeikataa, jaribu 165.

Zima gemu na uiwashe upya kabla ya kupima, na wakati unacheza fungua menyu ya vitufe vya monita. Windows ikisema 180 na monita ikisema 60, amini monita.